Manjano, maganda ya vitunguu au kokwa za parachichi: ipi inashika kwenye pamba?

mamaZulfa
Assalam aleikum na habarini wote. Jamani naomba msaada wa haraka kidogo, Jumamosi naenda sokoni kununua vitu na hela niliyonayo nikikosea sina nyingine. Nataka kutia rangi kitambaa hapa nyumbani kwa vitu vya asili, sitaki zile poda za dukani wanazokufungia kwenye karatasi. Nimeangalia video nyingi hadi macho yameuma, nimebaki na vitu vitatu: manjano, maganda ya vitunguu maji, au kokwa za parachichi. Manjano napata popote na rangi yake inawaka kweli, maganda kuna mama anauza vitunguu jumla pale Mgandini kaniahidi bure, kokwa kuna kijana wa juisi yeye anazitupa tu. Aliyewahi kufanya aniambie ipi inadumu. Niko Tanga. Asanteni.

fundi_Kibwana
Waleikum salaam mama Zulfa. Swali zuri ila umetunyima vitu vyote vya muhimu. Kitambaa gani? Mita ngapi? Ni cha kuvaa, cha kutandika au cha kuning'iniza? Kitafuliwa mara ngapi na kwa sabuni gani? Huwezi kuuliza dawa bila kusema unaumwa wapi.

Mnjombe
Parachichi. Usiulize mara mbili. Huku kwetu Njombe ziko za kumwaga, mimi natia mitandio ya mke wangu na nepi za mtoto, unapata waridi moja tulivu sana kama udongo wa asubuhi, watu hawaamini kwamba imetoka kwenye kokwa la tunda la kijani. Na haihitaji dawa ya kushikisha, kokwa lenyewe lina utomvu wa kushika (ile tanini), unachemsha unachovya basi. Vitunguu ni rangi ya watu wasio na parachichi.

mamaZulfa
Kaka Kibwana samahani. Kitambaa ni cheupe cha kawaida, pamba, nimeuziwa kama marekani. Mita 18. Nimeshakinunua tayari.

fundi_Kibwana
"Nimeuziwa kama" hapo ndipo ninapoogopa. Siku hizi wanakuuzia tetroni wanakwambia marekani. Chomoa uzi mmoja wa kwenda (wa urefu) na mmoja wa kukata (wa upana), uwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki majivu laini ukisugua yanapotea. Ikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi basi hiyo ni poliyesta, na poliyesta rangi ya mmea haiingii hata ukichemsha mpaka Idi. Fanya hilo kabla hujatoka nyumbani. Na bado hujasema ni cha nini.

MwlKemia
Naongezea kwenye alichosema fundi. Mita 18 mama si mchezo. Marekani ya upana wa mita moja na nusu hivi, tukadirie mita moja ina gramu 220, jumla una kama kilo 4 za kitambaa. Kwenye rangi za mimea kila kitu kinapimwa kwa uzito wa kitambaa kikavu, hakipimwi kwa mita wala kwa vijiko. Maganda ya vitunguu unataka uzito sawa na kitambaa ili ikolee, yaani kilo 4 za maganda, na ganda la kitunguu ni jepesi kama pumzi, hizo ni viroba na viroba. Kokwa za parachichi ningesema kilo 4 mpaka 8. Shabu ya kushikishia gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa, kwa hiyo gramu 600. Muulize huyo mama wa Mgandini kama maganda yake yanafika huko.

Mnjombe
Mwalimu sasa unamtisha dada wa watu. Mimi sijawahi kupima na rangi inatoka.

MwlKemia
Inatoka kaka, lakini mtandio mmoja si sawa na mita 18. Akiishiwa rangi katikati atakuwa na vipande sita vya waridi na kumi vya maziwa, na havitafanana tena kamwe.

ShangaziRehema
Mwanangu mama Zulfa naomba usome hii yote kabla hujagusa manjano.

Miaka mitatu nyuma mtoto wa dada yangu alikuwa na kitchen party, tukakubaliana sare ziwe dera za njano. Mimi ndiye niliyesimama mbele nikasema msinunue kitambaa cha rangi, nunueni cheupe cha pamba bei nafuu, rangi nitatia mimi kwa manjano, itakuwa nzuri na ya asili. Watu wakachanga wakanikabidhi hela. Dera 14. Nilisaga manjano mabichi mwenyewe kwa kinu, mikono ilikuwa ya njano wiki mbili, nikachemsha kwenye pipa nje ya uani, nikaloweka usiku kucha. Asubuhi tulipozifungua wallahi kila mtu alipiga kigelegele, njano ile ilikuwa kama ua la mnyanya, kama jua lenyewe. Nikazianika juani. Kosa la kwanza hilo, jua la mchana kutwa, jioni upande wa juu ulikuwa umeshapungua nikadhani ni macho yangu.

Siku mbili kabla ya shughuli dada mmoja akaona dera yake ina doa la mafuta, akaifua kwa sabuni ya mche. Povu lilipogusa tu kitambaa kikageuka kahawia nyekundu kama tofali. Akanipigia simu analia, anadhani kuna mtu kamfanyia kitu. Nikaenda mbio, na mimi sijui kilichotokea, nikasuuza na maji mengi haikurudi vizuri, ikabaki mabaka. Siku ya shughuli yenyewe mvua ikanyesha tukitoka ukumbini kwenda kwenye gari, rangi ikachuja ikaingia kwenye mitandio myeupe tuliyoazima, na viti vya plastiki tulivyokodi vikabaki na alama za njano za kukaliwa, mwenye viti akatutoza. Mwezi mmoja baadaye dera zote zilizovaliwa juani zilikuwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Nilirudisha hela za watu mmoja mmoja mpaka mwisho wa mwaka. Hela nilishazisahau, kinachouma mpaka leo ni kwamba yule binti picha zake za siku ile shangazi mmoja ana gauni la mabaka.

Manjano ni ya wali na ya ngozi. Kwenye nguo ya mtu usiweke.

mamaZulfa
Shikamoo shangazi. Pole sana, nimesoma nikasikia uchungu. Manjano nimeyatoa kwenye orodha.

ShangaziRehema
Marahaba mwanangu.

MwlKemia
Pole shangazi. Kilichotokea kwa ile dera ni kwamba manjano inabadilika ikikutana na magadi au sabuni kali, inakuwa nyekundu. Ingemwagiwa maji ya ndimu wakati ule ule ingerudi njano. Shule tunaitumia hivyo hivyo kupima asidi na besi kama hatuna litmasi. Lakini tatizo la jua halina ndimu, mwanga unaivunja rangi yenyewe. Rozela nayo ni hivyo hivyo, na kiazisukari, vyote vinapendeza siku ya kwanza na vyote vinaondoka. Msidanganywe na sufuria, maji kuwa mekundu kama damu haina maana kwamba kitambaa kitakuwa hivyo.

batikiDar
Nyote mnazunguka. Mimi nafanya batiki Dar mwaka wa 11 sasa, siri ni chumvi na siki. Kila rangi, weka chumvi kikombe na siki nusu kikombe ikichemka, haitatoka. Shangazi angeweka chumvi asingepata hasara ile.

MwlKemia
Hapana kaka, hapa naomba nikupinge kwa heshima. Chumvi unayoijua ni ya rangi za kiwandani za pamba, kule kweli chumvi inaisukuma rangi iingie kwenye uzi. Siki inafanya kazi kwenye sufu na hariri kwa rangi za asidi. Kwenye pamba na rangi ya mmea, chumvi haishikishi kitu, na siki kwenye maganda ya vitunguu inaweza hata kuipunguza. Kinachoshikisha ni madini: shabu, au chuma. Uzi wa pamba hauipendi rangi ya mmea, shabu inakaa katikati inawashikanisha mikono.

batikiDar
Kwa hiyo miaka 11 nimekuwa nikifanya ujinga?

MwlKemia
Sijasema hivyo. Nimesema rangi unazotumia wewe ni za kiwandani, na kwenye hizo chumvi yako ni sahihi kabisa.

batikiDar
Nimetia na chai pia, na chai haikutoka.

fundi_Kibwana
Chai ina tanini yake, haikuhitaji chumvi yako. Kaka usikasirike, mama Zulfa akate vitambaa viwili vya kiganja, kimoja chumvi na siki, kingine shabu, avichovye kwenye maji yale yale ya vitunguu, avifue mara tano atuletee picha. Maneno yaishe.

batikiDar
Sawa nakubali hilo. Ila nimwambie kitu kimoja cha kumsaidia: kama ana mpango wa kuchora kwa nta aachane na hizi rangi za kuchemsha. Nta inayeyuka, michoro yote inaondoka kwenye sufuria. Batiki inataka rangi ya baridi. Hili nimelipata kwa kupoteza pea sita za shuka.

MwlKemia
Hili ni kweli na ni la muhimu, asante.

mamaZulfa
Sina mpango wa nta. Asanteni, sasa niwaambie ni cha nini. Ni foronya za mito ya kukalia, 30, za sentimita 50 kwa 50, na kinachobaki nitatoa vitambaa vya meza. Kuna mteja ana nyumba ya wageni kule Pangani ameniambia anataka rangi za asili tu. Mito itakaa kwenye baraza inayotazama bahari.

fundi_Kibwana
Mama Zulfa!! Hili lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza. Baraza ya Pangani inayotazama bahari ina jua la asubuhi mpaka saa sita, upepo wa chumvi, na watu waliopaka mafuta ya ngozi wanaegemea. Hapo kila tulichosema kinabadilika.

MwlKemia
Kweli kabisa. Sasa kigezo namba moja ni jua, sabuni inakuja ya pili. Vitunguu kwa shabu ni dhahabu nzuri lakini kwenye jua la kila siku itapauka taratibu kuelekea hudhurungi ya majani makavu. Parachichi yangu iliyokaa dirishani miezi minne haikupotea ila waridi imeelekea kahawia. Kwa baraza ningetafuta kitu chenye tanini nyingi kisha nimalizie kwa chuma: maganda ya komamanga, majani ya mkaratusi, majani ya chai. Chuma kinaipeleka rangi kwenye kijivu au kijani cha zeituni na hiyo inakaa juani kuliko njano na waridi.

bibi_Lushoto
Jamani mkaratusi huku umejaa njiani na watu wanachoma kuni. Majani yake nachemsha saa mbili kwa moto mdogo, nalaza humo humo mpaka kesho yake, natoa hudhurungi. Nikitia maji ya misumari inakuwa kijivu kama manyoya ya njiwa. Nina pazia la jikoni tangu kabla ya korona bado lina rangi.

mamaZulfa
Bibi shikamoo. Maji ya misumari ndiyo nini?

bibi_Lushoto
Marahaba mjukuu wangu. Chupa ya glasi, misumari iliyoota kutu ngumi moja, maji sehemu mbili, siki sehemu moja. Usikaze kifuniko maana inatoa hewa. Wiki mbili maji yanakuwa rangi ya machungwa. Unatia kidogo tu kwenye maji ya uvuguvugu, kitambaa kikae dakika kumi huku unakigeuza, usikiache. Ukizidisha chuma kinakula pamba, baada ya mwaka nguo inachanika yenyewe kwenye mikunjo. Niliipoteza shuka ya marehemu mama yangu kwa hivyo, nilitaka ikolee nikalaza usiku mzima.

MwanaKwale
Hamjambo. Mimi niko huku Kwale, sisi tunalima bixa, nyinyi hapo Bara na Unguja mnaita mzingifuri, ile mbegu nyekundu. Hakuna aliyeitaja na mimi nashangaa. Ukisugua mbegu kwa mkono tu tayari umekuwa wa machungwa. Wanunuzi wanapeleka ng'ambo kutia rangi kwenye vyakula. Dada Mama Zulfa wewe uko Tanga, ni karibu na sisi, vuka mpaka pale Lunga Lunga ntakupatia bei ya mkulima.

MwlKemia
Mzingifuri rangi yake ni nzuri mno, ila kwa mwanga ni dhaifu karibu kama manjano. Kwa kitambaa cha ndani, tena cha kukunja kabatini, sawa. Kwa baraza hapana.

MwanaKwale
Mimi nimeona shati limekaa.

MwlKemia
Limekaa juani?

MwanaKwale
Limekaa kwa sanduku. Lakini limekaa.

binti_Pate
Mnasahau ya pwani wenyewe. Bibi yangu alitia rangi miyaa ya mikeka kwa magome ya mkandaa (mmoja wa miti ya mikoko), yanatoa wekundu wa kahawia mzito, mikeka ile tumeilalia uani miaka na rangi haikuondoka, ilizidi kukomaa. Wavuvi pia walikuwa wakichovya nyavu na matanga humo ili zisioze. Kama kitu kinahimili bahari basi ni hicho, mito ya Pangani inataka magome ya mikoko.

MwanaKwale
Dada hapo chunga. Mikoko si ya kubandua ovyo, inalindwa, huku ukikutwa umebandua mti mbichi bila kibali unaenda kortini na Tanzania ni hivyo hivyo. Na mti ukishabanduliwa gome kuzunguka unakufa, haijalishi hukuukata.

binti_Pate
Sijasema akabandue mti mbichi. Lamu boriti (nguzo za mikoko) zikiletwa zinabanduliwa magome pwani yanatupwa. Boriti imeshakatwa kwa kibali, gome ni taka. Bibi alikuwa anaokota hapo hapo kwa kikapu, hakuwahi kushika panga.

MwanaKwale
Sawa, kwa hivyo lakini atajuaje huyo anayemuuzia kama gome limetoka kwa boriti ya kibali? Mimi nimepanda mikoko na vijana wa hapa kwetu, tunaingia kwa matope mpaka kiunoni, mche unakaa miaka ndo uwe mti. Akinunua kwa mtu asiyemjua anaweza kuwa ananunua kazi yetu.

binti_Pate
Hapo nakubaliana nawe kabisa. Basi aone boriti kwa macho yake, la sivyo aache.

Mnjombe
Tumerudi pale pale, parachichi haikatwi mti wala haina kibali 🙏 Mama Zulfa sikiliza namna yangu. Kokwa mbichi, zioshe uondoe nyama yote maana mafuta yanaleta madoa, katakata, maji ya kawaida, moto mdogo yasichemke kwa fujo, yakichemka sana unapata kahawia badala ya waridi. Saa moja, zima, acha mpaka kesho. Kama inakataa kuwa nyekundu tia magadi kidogo mno, ncha ya kijiko, utaona inageuka mbele yako. Siku ya tatu ndiyo inakuwa tamu.

MwlKemia
Maelezo mazuri sana hayo. Niongeze mambo mawili. Kwanza kabla ya rangi yoyote kitambaa kipya kichemshwe saa nzima kwa magadi ya kufulia na sabuni kidogo, marekani ina wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe, maji yatatoka ya njano kama mkojo, usishangae. Usipofanya hivyo rangi itashika juu juu na kwa mabaka. Pili sufuria. Ya alumini inabadilisha rangi, ya chuma inaifanya nyeusi, tafuta ya stili au ndoo ya enameli, au chungu. Na sufuria ya rangi isirudi tena jikoni. Shabu si sumu kali lakini kuna watu wanauza mrututu kama dawa ya kushikishia, ule ni sumu kwa samaki na kwa binadamu, na ukimwaga uani unaua udongo. Msitumie.

fundi_Kibwana
Na la tatu la kifundi: tia rangi kitambaa kizima kabla ya kukata. Uzi wa cherehani ni poliyesta, ukishona kwanza kila mshono utabaki mweupe unang'aa. Na kitambaa kitapungua kwenye kuchemshwa, ukikata 50 kwa 50 kabla utapata 47 kwa 48 na mto hauingii.

mamaZulfa
Hilo la uzi sikulifikiria hata kidogo. Sasa mita 18 nachemshaje kwa mara moja, sina pipa.

MwlKemia
Usichemshe kitambaa chote mara moja, chemsha rangi yote mara moja. Tengeneza maji yote, chuja, changanya kwenye ndoo kubwa moja mpaka yawe sawa, halafu gawa kwa mizani. Kila kilo ya kitambaa lita 20 za maji, kiwe kinaelea kinageuka. Vipande vyote vikae muda sawa. Na maji yote yawe ya chanzo kimoja, maji ya kisima cha Tanga yana chumvi na chokaa yatakupa rangi nyingine na maji ya mvua. Kama una mvua kinga mvua.

mamaZulfa
Sawa. Samahani tena kuna kitu nilisahau, mteja foronya 10 anataka za buluu. Nilikuwa nimewaza ninunue ile nili ya kufulia nguo nyeupe, inaandikwa nili si ndiyo hiyo hiyo ya asili?

fundi_Kibwana
😔 mama Zulfa unatupa habari kama mfungo wa tende, moja moja.

bibi_Lushoto
Siyo mjukuu wangu. Jina ni moja, vitu viwili. Ya dukani ni unga wa kung'arisha nyeupe, unakaa juu ya uzi, ukifua mara moja umeondoka. Nili yenyewe ni mnili, mmea. Kaniki za bibi zetu zile za buluu iliyokaribia weusi asili yake ni huko. Mama yangu alizaliwa watu bado wanavaa kaniki shambani, ilikuwa inapauka kwa heshima, inakuwa buluu ya mbingu kwenye magoti na mabegani inabaki nzito.

MwlKemia
Bibi kasema vizuri. Nili haichemshwi kama hizi nyingine. Haiyeyuki kwenye maji, lazima uiondolee oksijeni kwanza ndani ya chombo chenye besi. Wanaofanya nyumbani wanatumia sehemu 1 ya unga wa nili, sehemu 2 za chokaa iliyozimwa isiyo na saruji, sehemu 3 za sukari ya matunda, wengine wanachemsha ndizi zilizoiva sana badala ya sukari. Ikiwa tayari maji yana rangi ya kijani njano na juu kuna utando wa shaba. Unachovya, unatoa ikiwa kijani, inageuka buluu mbele ya macho yako ikikutana na hewa. Unachovya mara nyingi, kila mara inazidi. Haihitaji shabu. Na kwa jua inadumu kuliko nyingi tulizotaja hapa.

batikiDar
Na haichemki?

MwlKemia
Uvuguvugu tu au baridi.

batikiDar
Kwa hiyo nta inakaa. Mwalimu unga huo unapatikana wapi? Mimi nimetumia buluu ya kiwandani miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia hili.

MwlKemia
Mimi huletewa na mtu anayetoka India. Tangu kampuni ya Kijerumani ya BASF walipoanza kuuza nili ya kiwandani 1897 mashamba ya mnili yalikufa taratibu dunia nzima, kwa hiyo hata huo unga uulize kama umetoka kwenye mmea maana kwa macho hutofautishi. Hadithi yote hii ya rangi za kiwandani ilianza 1856 kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, akitafuta kutengeneza kwinini ya malaria kule London, akapata zambarau kwenye chupa. Dawa ya homa yetu ndiyo iliyoua ufundi wa bibi zetu, huwa nawaambia wanafunzi wananitazama tu.

binti_Pate
Mnili unaota mwenyewe porini huku, ila anayejua kuutoa rangi nimemtafuta Lamu yote sijampata. Hili linaniuma kuliko boriti.

mamaZulfa
Habari za Jumamosi. Nimerudi sokoni. Nimenunua shabu nusu kilo kwa muuza viungo, kumbe ndiyo ile tunayosafishia maji nilikuwa naipita kila siku. Maganda nimepata viroba viwili, nimepima kilo moja na robo tu, mwalimu ulisema kweli. Kokwa nimepata ndoo. Majani ya mkaratusi kuna dereva wa Lushoto ananiletea Jumanne. Nimekata vipande vya majaribio nimechemsha na magadi, maji kweli yametoka ya njano. Kipande cha chumvi na siki nimefua mara mbili tayari kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, cha shabu bado dhahabu, nitafika mara tano. Nimeweka na vipande dirishani nusu vimefunikwa kitabu.

Ila fundi nina shida. Nimechoma nyuzi. Wa kwenda umeungua kama karatasi majivu matupu. Wa kukata umeungua pia ila mwishoni umebaki na kitu kidogo kigumu kama kichwa cha pini.

fundi_Kibwana
Rudia. Chomoa nyuzi tano za kukata kutoka sehemu tofauti, moja inaweza kuwa imeshika uchafu. Ikirudia hiyo ni mchanganyiko, nusu ya kitambaa itashika rangi na nusu itabaki nyeupe, itakuwa kama imenyunyiziwa unga. Umemaliza kukichemsha chote?

mamaZulfa
Kipande kidogo tu, mita 17 na nusu bado kavu.

fundi_Kibwana
Usikiguse. Chukua risiti.

mamaZulfa
Sikupewa risiti. Nitarudi kesho asubuhi kumwona kwa mdomo.

Mnjombe
Kwenye mchanganyiko parachichi inatoka waridi hafifu ya kupendeza, mimi ningeendelea.

MwlKemia
Kwa mteja anayelipa? Hapana.

ShangaziRehema
Mwanangu nenda kesho mapema kabla duka halijajaa, chukua na uzi ulioungua kwenye karatasi umwonyeshe. Ukirudi tuambie.

MwanaKwale
Swali la pembeni wakati tunangoja, binti Pate, hayo magome ya boriti ulisema bibi alichemsha au aliloweka tu? Na miyaa ilikaa siku ngapi humo?